Bi Mkubwa, Mimi na Mazoezi ya Kichina

Ndugu zetu wanaokusanya kurasa za kitabu hiki cha mwaka walinitaka niandike habari za afya, kwa kuwa nilifanya kazi ya uuguzi hapa Uingereza kwa zaidi ya miaka thelathini. Nadhani walitaraji niandike juu ya sukari na presha, na kupunguza samli kwenye biriani. Hayo mnayajua, na mnaoyajua zaidi ndio msioyafuata. Nimeona bora niandike jambo lililonifika mwenyewe, ambalo baadhi yenu mmelisikia nusu nusu kwa simu: kwamba binti wa fulani kule Portsmouth amezeeka vibaya, asubuhi anasimama kando ya bahari na Wachina, mikono juu, kama mtu aliyepandwa na kitu. Ni kweli nasimama. Na sababu yake ndiyo hii.

Wengi mnajua kuwa Bi Mkubwa wetu alikuja kukaa nasi mwaka 1996, baada ya Mzee kufariki Unguja. Mliopita nyumbani kwetu miaka ile mnamkumbuka: hakai kitako mpaka wageni wote wamekula, na hasemi kuwa amechoka mpaka umkute amesinzia na upawa mkononi. Mwaka 2016 alianza kusahau. Kwanza ilikuwa chumvi, halafu sala akiirudia mara mbili, halafu majina ya wajukuu. Mwaka uliofuata madaktari walituambia ni maradhi ya ubongo yanayokula kumbukumbu, na kwamba hayana dawa ya kuyaondoa. Nikaacha kazi. Nilijiambia, nimewauguza wazee wa watu miaka yote hii, nitashindwa na mama yangu?

Nilishindwa. Kazini muuguzi humaliza zamu akavaa koti lake akarudi kwake. Hapa zamu haikuwa na mwisho, na mgonjwa ndiye aliyenifundisha mimi kutembea.

Usiku mmoja wa Februari 2018, yapata saa tisa, nilisikia mlango wa mbele ukitikiswa. Nikashuka. Bi Mkubwa alikuwa amevaa buibui juu ya gauni la kulalia, miguu mitupu, mkononi ameshika kikapu changu cha nguo za kufua. Anataka kwenda Darajani kabla samaki hawajakwisha. Nje kumeganda barafu. Nikamrudisha kitandani. Baada ya robo saa, mlango tena. Nikamrudisha. Ikawa hivyo mara tano. Mara ya sita aliniambia, kwa ule upole aliokuwa akizungumza nao na wageni, “Bibi, niwache nipite, wanangu hawajala.”

Mwanawe ni mimi. Nilimshika kifundo cha mkono. Sikumshika ili asianguke. Nilimshika ili aumie. Nilikaza kwa nguvu zangu zote, na sijui ni kwa muda gani. Aliniangalia kama mtoto wa chuoni aliyeona bakora, akasema, “Nisamehe bibi, sitofanya tena.” Akapanda kitandani mwenyewe.

Asubuhi alama za vidole vyangu vinne zilikuwa mkononi mwake, zimepiga weusi. Alizitazama kwa mshangao, akauliza, “Nani kanifanya hivi?” Nikamjibu, “Umejigonga mlangoni, mama.” Baba watoto alikuwa mezani. Aliangalia kikombe chake cha chai, hakusema neno.

Hayo sijapata kumwambia mtu wa ukoo wetu mpaka leo hii ninapoyaandika. Nimeyaweka hapa kwa sababu bila hayo, yanayofuata yatakuwa hadithi ya bibi mzee aliyejitafutia mchezo.

Wiki ile nilikwenda kwa daktari wetu kwa ajili ya maumivu ya kichwa. Akanipima presha, ikatoka 178 juu na 104 chini. Akanipima tena, ikawa ile ile. Akaniandikia vidonge, halafu akaniuliza nalala saa ngapi kwa usiku. Nilianza kumjibu, nikajikuta nalia mbele ya kijana wa umri wa mwanangu. Alinipa karatasi yenye habari za mkutano wa watu wanaouguza jamaa zao majumbani, kila Jumatano katika ukumbi wa mtaa, chai bure.

Chai yenyewe ilikuwa maji ya moto yaliyopita karibu na majani. Lakini nilikaa karibu na mama mmoja wa Kichina, mwenyeji wa Hong Kong, aliyeuza chakula dukani kwake hapa mjini miaka mingi na mumewe, mpaka mume akapigwa na kiharusi. Kiingereza chake kibovu na changu cha hasira, lakini tulielewana. Alinitazama mabega yangu akasema, “Wewe umebeba gunia.” Kisha akanishika bega kwa kidole kimoja na kulisukuma chini, na kweli lilishuka, sikuwa najua kuwa lilikuwa juu. Akaniambia nije Jumamosi asubuhi kwenye kiwanja cha Southsea, karibu na mnara wa kumbukumbu wa wanamaji, na nivae soksi nene.

Sisi wanafunzi wake tulimwita Sifu, ambalo kwa Kikantoni ndilo neno la kumwita fundi au mwalimu. Hakutaka fedha. Tulikuwa watu watano siku ile ya kwanza, na upepo wa kule si kusi si kaskazi, unakata masikio. Nilidhani tutarukaruka. Sifu akatusimamisha. Miguu iachane kiasi cha mabega, magoti yalegee kidogo, uti wa mgongo unyooke kama umening'inizwa kwa uzi utosini, mikono mbele ya kifua kama mtu aliyekumbatia mtungi mkubwa wa maji. Basi. Simama hivyo. Wenyewe huita kusimama kama mti.

Anayenijua anajua kuwa mimi ni mtu wa haraka, hata chai nainywa nikitembea. Dakika ya kwanza nilifikiri sufuria niliyoiacha jikoni. Dakika ya pili magoti yalianza kutetemeka. Dakika ya tatu nilikasirika, nikamkasirikia Sifu, na mti, na mtungi. Dakika ya tano alipotuachia nilikuwa natokwa na jasho katika baridi ile, na niligundua kuwa kwa kitambo, labda pumzi nne au tano, sikuwa nimefikiria usiku unaokuja. Hilo tu ndilo lililonirudisha Jumamosi ya pili.

Nieleze kidogo jambo lenyewe ni nini, maana wapo waliosikia jina tu. Wachina huandika qi gong na hutamka kama chi-gung. Qi ni pumzi, au nguvu ya uhai. Gong ni kazi, au ustadi unaopatikana kwa kurudia rudia. Jina hili lilienea katika miaka ya 1950, hasa kwa kazi ya mtu mmoja wa jimbo la Hebei, Liu Guizhen, aliyejitibu vidonda vya tumbo kwa mazoezi haya na baadaye akawatibu wengine. Lakini mazoezi yenyewe ni ya kale mno. Katika kaburi lililofukuliwa Mawangdui, mjini Changsha, mwaka 1973, kulikutwa kitambaa cha hariri kilichochorwa watu 44, wanawake kwa wanaume, vijana kwa wazee, wakijinyosha na kuinama. Na kaburi lile lilifungwa mwaka 168 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa. Nilipoiona picha ile kitabuni nilicheka, maana mmoja wao amesimama sawasawa na shangazi yetu akisubiri basi.

Yako mazoezi ya namna nyingi. Sisi tulifundishwa yaitwayo Ba Duan Jin, yaani Vipande Vinane vya Hariri, ambayo jina lake limo katika maandishi ya Kichina tangu karne ya 12. Ni vitendo vinane tu, vyote vikifanywa ukiwa umesimama, na mtu hahitaji kitu ila mahali pa kunyoosha mikono. Cha kwanza unainua mikono miwili juu kana kwamba unategemeza mbingu. Cha pili unavuta upinde, kushoto na kulia. Cha tatu mkono mmoja unasukuma juu na mwingine chini. Cha nne unageuza shingo kutazama nyuma. Cha tano unayumba kichwa na kiuno, na hicho husemwa kinatoa moto wa moyo. Cha sita unainama kushika miguu. Cha nane, cha mwisho, unainuka juu ya vidole na kushuka kwa visigino, mara saba, mpaka meno yanagongana.

Cha saba nimekiacha makusudi. Cha saba ni kukunja ngumi na kukodoa macho kwa ghadhabu. Unakaa kama mpanda farasi, ngumi mbili kiunoni, kisha unasukuma ngumi moja mbele, polepole sana, huku umekodoa macho kama unayetaka kumla mtu. Ngumi ikifika mwisho inafunguka, kiganja kinageuka, vidole vinazunguka, vinafumba tena kana kwamba vimeshika kitu, na mkono unarudi kiunoni. Halafu wa pili.

Siku ya kwanza nilikataa. Nilimwambia Sifu mimi nina hasira ya kutosha nyumbani, sikuja kujifunza nyingine. Akaniambia nifanye. Nikafanya, nikakodoa macho kuelekea bahari, na ngumi ilipofika mbele niliuona mkono wangu. Ulikuwa mkono ule ule. Nilitetemeka mwili mzima nikashindwa kuufungua. Sifu akaja akanifungua vidole kimoja kimoja, kama unavyomfungua mtoto aliyeshika kisu. Hakuniuliza kitu. Alisema tu, “Toa pumzi.”

Nimeuguza watu, kwa hiyo naweza kusema kwa lugha ya kazini kwetu kinachotokea, walau kwa upande ninaoujua. Mtu akivuta pumzi moyo huharakisha kidogo, akitoa moyo hupunguza mwendo. Kazi hiyo hufanywa kwa sehemu kubwa na mshipa mmoja wa fahamu uitwao vagasi, unaotoka chini ya ubongo na kushuka shingoni mpaka kifuani na tumboni. Ukitoa pumzi taratibu, kwa muda mrefu kuliko ulivyovuta, ukafika kama pumzi sita kwa dakika badala ya zile kumi na mbili au zaidi za kawaida, moyo hupata nafasi ya kutua, na mwili hujua kuwa hakuna simba mlangoni. Sifu yeye ana maelezo mengine, ya njia za qi mwilini na mahali chini ya kitovu inapokusanyika. Sikubishana naye. Alikuwa akisema tumbo, nami nilikuwa nikipumua kwa tumbo, na tukafika pamoja.

Hapo ndipo simu zilipoanza. Jamaa mmoja wa heshima, nisiyemtaja na ambaye atajijua, alinipigia usiku akasema, “Mwanangu, tumesikia unawasujudia Wachina.” Nilimwambia hakuna kusujudu, kuna kuinama kushika vidole vya miguu, na hata hivyo sivifikii. Hakucheka. Nikaona nisilifanyie mzaha jambo la imani, nikaenda kwa sheikh wa msikiti wetu nikamwonyesha vitendo vyote vinane hapo hapo ofisini kwake, na koti langu la mvua. Akaniuliza, “Mnasoma nini mkifanya?” Nikamjibu, hatusomi kitu, Sifu anahesabu moja, mbili, tatu kwa lugha yao: yat, yi, saam. Akasema ikiwa ni mazoezi ya viungo na pumzi, na hapana ibada ndani yake wala itikadi, basi ni kama kutembea. Na likitokea la kuabudu, niondoke. Halikutokea. Wapo katika jamaa zetu wasioridhika hadi leo. Nawaheshimu, na huwaombea magoti mema.

Siku za kazi nilikuwa nafanya peke yangu jikoni, baada ya sala ya alfajiri, kabla Bi Mkubwa hajaamka. Dakika ishirini. Nisiwadanganye kuwa niligeuka malaika. Mwezi wa pili nilimpigia kelele karani mmoja wa ofisi ya serikali ya mji mpaka akakata simu. Mwezi wa tatu nilivunja sahani, na haikuponyoka. Lakini nilianza kuhisi kitu nilichokuwa sina, nacho ni kwamba hasira ilinipa taarifa kabla haijaingia. Nilikuwa naihisi inapanda kutoka tumboni, mabega yanainuka, taya inakaza. Zamani nilikuwa napata habari yake ikiwa imekwisha kupita.

Asubuhi moja ya mwaka 2019 nilikuwa katika kile cha pili, nimevuta upinde, nikasikia kicheko. Bi Mkubwa amesimama mlangoni na mtandio wake. “Unamwinda nani?” Nikamwambia, nawinda mwewe. Akaketi kwenye kiti, akainua mikono yake miwili akavuta upinde, na jicho moja amelifumba. Tangu siku ile tukawa wawili. Yeye alifanya ameketi, na alikuwa akisahau vyote vinane na kuvijua upya kila siku, nami kila siku nikamfundisha, na hiyo ndiyo kazi pekee ya kurudia ambayo haikunichosha. Cha saba ndicho alichokipenda. Alikuwa akikodoa macho mpaka tukacheka sote wawili tukashindwa kuendelea.

Siku moja, katikati ya kile cha nne, akasema, “Daktari wa Kichina alinichoma sindano hapa,” akanigusa nyuma ya shingo. Nikadhani ni maradhi yanazungumza. Halafu nikakumbuka. Wataalamu wa tiba kutoka jimbo la Jiangsu walianza kuja Unguja mwaka 1964, na hospitali ya Mnazi Mmoja, wakati ule ikiitwa ya V. I. Lenin, ilikuwa na madaktari wa Kichina sisi tukiwa wadogo. Bi Mkubwa alipelekwa kwao kwa kichwa kilichomsumbua miezi. Nilikuwa naye, nimeshika kanga yake, nikalia kwa kuona zile sindano nyembamba, naye akanambia nyamaza, haziumi. Nusu karne nzima sikupata kulifikiria jambo lile. Yeye aliyesahau jina langu ndiye aliyenikumbusha.

Siku za Jumamosi hali ya hewa ikiruhusu tulimchukua pamoja nasi Southsea, kwenye kiti cha magurudumu, mablanketi mawili. Mbele yake bahari, na ng'ambo ya bahari kisiwa cha Wight. “Changuu ile,” alisema. Hakuna aliyembishia. Chombo kile kinachoelea juu ya hewa kiendacho Ryde kilipovuma na kuondoka, alitaka kujua nauli.

Kisha ukaja mwaka 2020. Tarehe 23 Machi Waziri Mkuu alitangaza kuwa watu wabaki majumbani, na ruhusa ya kutoka kufanya mazoezi ikawa mara moja kwa siku. Kundi letu likavunjika. Sifu alikuwa na mumewe ndani, mimi na Bi Mkubwa ndani, na tulikuwa tunapigiana simu saa moja asubuhi, tunaiweka mezani, yeye anahesabu kwake nami nasimama kwangu. Yat, yi, saam.

Mwezi wa Julai kaka yetu mkubwa alifariki Maskati kwa maradhi yale. Ndege zilikuwa zimesimama. Nyinyi mliokuwa kule mnajua mazishi yalivyokuwa, watu wachache na mbali mbali. Sisi tuliyaona kwenye simu, picha inakatika. Nilimwambia Bi Mkubwa, kwa kuwa ni haki yake. Alilia kilio cha mzazi. Baada ya saa moja akauliza, “Kaka yako hajapiga simu leo?” Nikamwambia tena. Akalia tena, upya, kama hajapata kusikia. Siku ya tatu nilimfisha kaka yangu mara saba mbele ya mama yake. Siku ya nne alipouliza nikasema, “Yuko kazini, atapiga.” Akaridhika. Nikaenda jikoni nikasimama kama mti, nimekumbatia mtungi, na machozi yanashuka hayana wa kuyafuta kwa sababu mikono imeshughulika. Mlionilaumu baadaye kuwa nilimficha mzazi msiba wa mwanawe, sikuwajibu wakati ule. Jibu ndilo hilo.

Usiku mmoja wa Agosti ulikuwa kama ule wa Februari 2018. Mlango, buibui, Darajani. Nilipomgusa bega alinigeukia akanipiga kofi la uso, kofi la kweli, akapiga kelele, “Mwizi! Mwizi huyu!” Damu ilinipanda. Niliuhisi mkono wangu wa kulia unakunja ngumi, na kwa mara ya kwanza niliujua mwendo ule. Nilikuwa nimeufanya kila asubuhi kwa zaidi ya miaka miwili. Ngumi ilikuwa inakwenda mbele, na kwa mazoea, wala si kwa wema wangu, pumzi ikatoka na vidole vikafunguka. Nikabaki nimenyoosha kiganja hewani, katikati ya ukumbi, saa tisa za usiku. Bi Mkubwa akakitazama kile kiganja. Akakishika. Akasema, “Mikono yako baridi, bibi. Huna mtu wa kukuwashia moto?”

Tuliketi ngazini tukashikana mikono mpaka akasinzia.

Mwaka 2021 tulikubali wauguzi wa kuajiriwa waje nyumbani mara mbili kwa siku, na simu zikalia tena, kwamba sisi kwetu wazee hawashikwi na mikono ya kigeni. Nilimjibu kila aliyepiga, polepole, na nilimwalika kila mmoja aje akae nasi wiki moja. Alikuja mmoja tu, mpwa wangu wa Coventry, Mungu amjaze kheri, na yeye ndiye aliyetoa wazo la kuongeza mara ya tatu. Bi Mkubwa alifariki Januari 2022, kitandani kwake, asubuhi. Tulimzika hapa hapa.

Nilidhani baada ya hapo nitaacha, maana hapakuwa tena na usiku wa kuogopa. Wiki ya kwanza sikufanya. Wiki ya pili mwili wenyewe uliamka alfajiri, na miguu ikajitenga kiasi cha mabega. Nilipofika kile cha pili nilisubiri anicheke.

Kwa wale watakaotaka kujaribu, niseme kama muuguzi. Msiache vidonge vyenu. Mimi bado nameza, ingawa daktari amepunguza, na sijui ni kiasi gani cha shukrani kiende kwa vidonge na kiasi gani kwa Sifu. Mwenye presha asiinamishe kichwa chini na kukaa hivyo katika kile cha sita, aishie magotini. Katika cha saba msizuie pumzi, hapo ndipo watu hukosea. Mwenye magoti mabaya au kizunguzungu aketi kwenye kiti kama Bi Mkubwa, haipungui kitu. Vijana wetu watatafuta picha zake kwenye simu na watazipata tele. Chagueni mwalimu mzee anayekwenda polepole, na mkiona anaahidi kuponya saratani, zimeni.

Mume wa Sifu alifariki mwaka jana. Jumamosi iliyofuata alikuja kiwanjani kama kawaida, akatusimamisha, na alipofika cha saba alikunja ngumi akaisukuma mbele na ikakataa kufunguka. Nilikwenda nikamfungua vidole kimoja kimoja. Siku hizi tunapokezana kuhesabu, na mimi nahesabu kwa Kiswahili. Wanafunzi, Waingereza na Wachina, wamekwisha zoea, na yupo bwana mmoja wa miaka themanini anayetamka “nane” vizuri kuliko wajukuu zangu.

Tuko pale pale, karibu na mnara wa wanamaji, kila Jumamosi saa tatu asubuhi, isipokuwa mvua ikizidi. Atakayekuwa Portsmouth anipigie simu usiku wake nimwekee kiamsha kinywa. Soksi nene aje nazo mwenyewe.